Funda la Baba

Mimi Robi nina ugonjwa mmoja, nao ni kutaka kujua. Nikiona mlango umeegeshwa lazima nichungulie, na nikisikia watu wanateta lazima niulize anatetwa nani. Marehemu mama aliniambiaga nitakufa shingo imepinda kwa kuchungulia. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo ampende mwanaume mwaka mzima bila kujua kazi yake inafanywaje.

Masatu alikuwa mwonjaji katika kiwanda kikubwa cha mvinyo kilichojengwa Bunda, kando ya barabara iendayo Mwanza. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa tena, na sisi tuliopanga foleni ya sabuni utotoni tulikuwa bado tunazishangaa sabuni za rangi rangi. Kila Jumamosi alikuja Musoma, kwenye kibanda changu cha vitenge sokoni, shati limepigwa pasi, maneno yamenyooka, macho yake makubwa yakinitazama mpaka nakosea kupima kitambaa. Ila alinukia mvinyo. Si sana, kidogo tu, kwenye pumzi.

"Umekunywa?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Mimi sinywagi, Robi. Naonja."

Nikamuuliza kuna tofauti gani. Akacheka kile kicheko chake cha chini kwa chini, akasema siku moja nitaona. Nilimwamini, jamani, nilimpenda, ningefanyaje? Lakini imani yangu ilikuwa na tundu, na kila nilipoivuta ile harufu tundu lilizidi kupanuka. Hilo sikumwambia mtu.

Baba yangu, mzee Keraryo, yeye imani hakuwa nayo kabisa, na sababu ilikuwa Jenoveva. Dada yangu Jenoveva aliolewa na mlevi, akavumilia mpaka siku aliporudi kwetu Kamunyonge, mkono umevunjika na mtoto mgongoni. Siku hiyo baba, ambaye miaka yote hakukosa penye mtungi, alisimama uani akaapa mbele yetu kwamba pombe haitapita tena kooni mwake mpaka azikwe. Na kweli haikupita. Wenzake wa rika wakimwita aliendaga, anakaa nao, anapiga soga, lakini mrija wa kunywea pombe haushiki.

Basi Masatu akatuma mshenga. Mshenga mwenyewe alikuwa Hamduni, mfanyabiashara wa Bunda aliyekuwa akiniletea majora ya vitenge kwa pikapu yake, Mwislamu wa swala tano, mtu wa maneno matamu kama halua. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kijana anafanya kazi gani. Hamduni akaeleza. Baba akasema tangu azaliwe hajasikia mtu analipwa mshahara ili anywe, na binti mmoja kwa walevi anatosha.

Halafu kulikuwa na Burito wa Butiama. Mgane, mpole, ng'ombe tele, mtu asiyekunywa hata soda ikiwa ya baridi. Ndugu zake walikuwa wameshatoa ahadi ya kuja kuniposa Jumapili. Sina baya la kumsema Burito. Nilipomfikiria sikusikia kitu chochote, si chuki si pendo, na hilo ndilo lililonitisha.

Nililia, nikasusa chakula, nikaacha na kufungua kibanda. Shangazi Gati, dada yake baba, ndiye aliyeamua. Alisema ng'ombe hanunuliwi kwa kusimuliwa, mtu anakwenda zizini kumwangalia meno. Twendeni Bunda tukamwone huyo kijana akiwa kazini. Baba akatoa sharti lake, akinitazama mimi wala si shangazi.

"Nitasimama mbele yake. Akimeza pombe hata tone moja, Jumapili watu wa Butiama wanakaribishwa, na kilio sitaki kukisikia."

Nikaitikia. Na mimi mwenyewe nilitaka kujua.

Tukaenda Alhamisi kwa pikapu ya Hamduni, wazee wakakaa mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya majora. Tulipopita njia panda ya Butiama niligeuza uso nisiione.

Kiwanda kilikuwa kikubwa kuliko nilivyowaza. Mapipa ya chuma marefu kama minara yalipangwa nyuma ya ukuta, na harufu ya ndizi mbivu ilitupokea tangu getini. Upande wa barabara kulikuwa na nyumba ya vioo, na juu ya mlango pameandikwa Chumba cha Kuonjea. Wazungu waendao Serengeti walikuwa wakisimama hapo kuonja kabla ya kununua. Hamduni akasimamisha gari kivulini, akatuambia tuingie bila yeye. Nyumba ya pombe haingii.

"Na wewe ndiye mshenga," shangazi Gati akamwambia.

"Mlango dini inanizuia," Hamduni akajibu, "lakini dirishani nitasimama." Na kweli alienda kusimama dirishani, kofia yake ikaonekana kwa ndani muda wote.

Ndani kulikuwa na baridi na utulivu kama wa kanisani siku ya kazi. Kaunta ndefu ya mbao, glasi zimepinduliwa juu ya kitambaa cheupe, mkate uliokatwa vipande vidogo vidogo, jagi la maji, na kwenye kona ya kaunta ndoo ya bati iliyosuguliwa ikang'aa. Nyuma ya kaunta alisimama Masatu wangu amevaa koti jeupe kama daktari. Aliponiona alisahau alichokuwa anafanya, mkono ukabaki hewani na kitambaa cha kufutia glasi. Moyo wangu, ah, ulipiga nikadhani baba atausikia.

Akatoka, akainama, akawaamkia wazee shikamoo kwa heshima zote. Shangazi Gati hakuwa na subira. Aligusa glasi, akanusa mkate, akauliza yale mapipa nje ni ya maziwa au vipi. Masatu akamweleza taratibu kwamba kuna mvinyo wa ndizi za Tarime, wa nanasi, wa zabibu zinazotoka Dodoma, na ule mwekundu wa choya. Shangazi akashangaa choya, ua la uani, linatiwa kwenye chupa wazungu wanunue. Nami nilishangaa vyote, nikawa na maswali mia mdomoni, lakini siku hiyo mwenye kuuliza alikuwa baba.

"Kijana, leo umekunywa?"

"Sijanywa, mzee."

"Umeonja?"

"Tangu asubuhi. Kila pipa."

"Haya. Onja nikuone."

Masatu akamimina ule mwekundu, kidogo tu, chini kabisa ya glasi. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Akauzungusha, akaingiza pua, akafumba macho. Sijui niseme nini, ila niliionea wivu ile glasi, maana alivyotulia nayo ndivyo anavyotuliaga akinishika mkono. Kisha akaonja. Mashavu yakacheza, akavuta hewa kwa meno, na mimi sikutazama kitu kingine isipokuwa koo lake. Baba naye alilitazama hilo hilo. Lile fundo la shingoni halikupanda wala halikushuka.

Masatu akageukia ile ndoo akatema.

Nikashusha pumzi ya mwaka mzima. Kumbe ndiyo hii tofauti! Nikataka kucheka, nikamgeukia baba ili nione naye amefurahi, nikamkuta amesimama, fimbo ameikamata katikati, uso umebadilika.

"Gati," alisema kwa sauti ndogo, "tuondoke."

Ngoja nieleze, maana hata Masatu hakuelewa. Kwetu pombe haitemwi ovyo. Mwenye haki ya kuitema ni mzee peke yake, tena kwa jambo zito. Anapiga funda la kwanza la mtungi, anawapulizia watoto wake, na hiyo ndiyo baraka, hairudishwi tena. Akiitemea chini upande wa kushoto, hapo ametoa laana, nayo hairudishwi. Kijana akitema mbele ya mzee, tena baba wa binti anayemposa, ni sawa na kumwambia nipishe, kiti ni changu. Masatu ni wa Bukima, mtoto wa watu wa ziwani. Kwao labda hayo hayapo. Na mimi mwenyewe nisingeweza kumwonya, kwa sababu sikuwahi kujua kwamba kazi yake yote ni kutema.

Baba alikuwa ameshafika mlangoni. Masatu ameganda, ananiangalia kwa macho ya kuuliza amekosa nini. Nikaiona Jumapili inakuja. Nikamwona Burito na ng'ombe wake, mpole vile vile, siku baada ya siku. Ndipo nilipofanya kitu ambacho binti wa mzee Keraryo hakutakiwa kukifanya. Niliinyakua ile ndoo kwenye kaunta, nikaibeba kwa mikono miwili, nikaenda kumwekea baba miguuni.

"Baba, tazama humu kwanza."

"Nipishe, Robi."

"Ulisema akimeza. Hii ndiyo pombe aliyoonja tangu asubuhi, iko yote hapa. Haijaenda popote. Shemeji aliyemvunja Jenoveva mkono, ya kwake ilikuwa wapi?"

Shangazi Gati akaniita jina kwa ukali, maana nilikuwa nimevuka mpaka. Baba hakunikemea. Aliinamia ile ndoo. Ilikuwa imefika nusu, nyekundu, mapovu yamezunguka pembeni. Aliitazama kwa muda mrefu, nami nikaona ile hasira inaanza kutoka usoni mwake na kitu kingine kinaingia. Ugonjwa wangu nimeurithi, sikuuokota njiani.

Masatu akaja taratibu, akapiga goti. Akasema hakujua, kama amemkosea mzee anaomba radhi, kwamba hapo kiwandani ndivyo alivyofundishwa kwa sababu mwonjaji akimeza, chupa ya nne ulimi umelala na kazi imekufa. Baba hakushughulika na radhi. Alikuwa na swali lake.

"Unaishikaje mdomoni usiimeze?"

"Mzee?"

"Mimi nilipoacha, harufu tu ya mtungi ilinitetemesha mikono. Nilikuwa mzima, mtu wa watoto. Wewe inakukaa kwenye ulimi kutwa, na koo liko hapo hapo. Unafanyaje?"

Masatu alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimpenda zaidi. "Siku za mwanzo nilimezaga, mzee, sitakuficha. Halafu siku moja jioni nikakuta sikumbuki nimeonja nini. Nikaogopa. Tangu hapo nikiiweka mdomoni naiuliza maswali. Umetoka wapi, umekaa muda gani, mbona una uchachu. Nikishapata majibu sina haja nayo tena."

"Unaiuliza maswali," baba akarudia. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, na naapa niliona kona ya mdomo wake inacheza. "Basi mmekutana."

Kisha akarudi kwenye kaunta, akaegemeza fimbo, akanyoosha mkono. "Nipe na mimi nijaribu."

Shangazi Gati akamshika kanzu. Alimkumbusha kiapo, tena kiapo cha mbele ya watoto. Baba akajibu kwamba aliapa haitapita kooni, na kijana amesema haipiti. Masatu akamimina kidogo. Lakini baba, jamani, ni mtu wa mrija, hajui kuonja kwa ncha ya ulimi. Akamwashiria aongeze, akaipindua glasi yote, akajaza mashavu. Akalizungusha lile funda, macho yakamtoka, nadhani yale maswali alikuwa akiyauliza kweli. Tukamsubiri. Masatu akaisogeza ndoo mbele yake kwa adabu.

Baba akaitazama ndoo. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo tulipoelewa amejiingiza wapi. Kumeza hawezi, ni kiapo. Kutema ndooni hawezi, funda la mzee halitupwi kama maji ya kusukutulia. Kutema chini hawezi, hiyo ni laana, na hakuna aliyekosa. Mzee Keraryo akabaki amesimama katikati ya chumba cha kuonjea, mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga kwa ule ukali.

"Mbona kimya?" Hamduni akauliza dirishani.

"Mzee ana funda mdomoni," shangazi akamjibu.

"Si alitoe?"

"Alitoe wapi?"

Nikamnong'oneza Masatu, haraka haraka, habari ya baraka na laana. Shangazi Gati naye, mjanja yule, alikuwa ameshaanza kunisukuma mgongoni ili nisimame karibu na Masatu, bega kwa bega, mbele ya baba. Palibaki pahali pamoja tu pa kutema, na pahali penyewe ni sisi. Ningenyamaza, ningesimama hapo hapo, mambo yangekwisha. Moyo wangu wote ulitaka hivyo.

Masatu ndiye aliyeharibu. Alinitazama, tazamo moja refu ambalo mpaka leo nalikumbuka, kisha akaniacha mkono akarudi nyuma.

"Mzee," alisema, "mimi nitatoka nje na Robi atatoka. Ukibaki peke yako fanya upendavyo, hakuna atakayeona. Namtaka Robi. Mungu anajua ninavyomtaka. Lakini sitaki nipewe kwa sababu umekosa pa kutemea."

Akainama, akageuka, akaanza kwenda mlangoni pa chumba chake mwenyewe cha kazi. Nilitaka kumpigia kelele kwamba wewe mwanaume ni mjinga, mlango ulikuwa wazi na wewe unaufunga. Na papo hapo nilijua kwamba kama angebaki amesimama, nisingempenda hivi nilivyompenda wakati ule akiniacha.

Baba alimfuata. Hatua zake nzito, kanzu inapepea. Akamfikia mlangoni, akamkamata koti kwa nyuma kama mtu anavyomkamata ndama, akamvuta mpaka nilipo. Akamsimamisha kando yangu. Akanishika na mimi bega, akanisogeza mpaka mabega yetu yakagusana. Akarudi nyuma hatua, akavuta hewa kwa pua.

Akapuliza.

Mvinyo ulitumwagikia sote, usoni, shingoni, kwenye koti jeupe na kwenye blauzi yangu ya kanisani, mwekundu, wa baridi, unanukia choya. Nilimshika Masatu mkono.

"Mkae," baba akasema. "Mzae. Mlishane. Asiwepo wa kumlilia mwenzake mlangoni."

Shangazi Gati akapiga vigelegele mpaka glasi zikalia kaunta nzima. Dirishani Hamduni akauliza imekuwaje, shangazi akamwambia mshenga afute jasho, kazi imekwisha. Baba akaomba maji. Akasukutua vizuri, akatema ndooni bila wasiwasi wowote, akasema ule mvinyo mchachu na wazungu wana shida.

Wakati wa kurudi alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma pamoja nami, juu ya majora, mzee mzima, akajifunga leso kichwani kwa ajili ya upepo. Masatu alisimama getini na koti lake lenye madoa, akapunga mpaka akawa mdogo, akawa hayupo. Tulipopita njia panda ya Butiama baba akasema kesho atatuma neno kwa akina Burito, wasije, na kuwaomba radhi kwa heshima.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nilikaa, nikakaa, nikauliza.

"Baba, ungeweza kuacha atoke. Kwa nini ulimrudisha?"

Alikuwa anatazama barabara inavyotukimbia nyuma.

"Siku ya harusi ya Jenoveva," alisema, "nilipewa funda la kuwabariki. Watu wamesimama, yeye na mumewe wamepiga magoti, wanangoja. Nilikuwa nimelewa, Robi. Nikameza."

Akavuta leso ikamziba macho. Nikamsogelea, nikaegemea bega lake na ile blauzi yangu mbichi inayonukia choya, na mpaka tunafika Kamunyonge sikuwa na swali lingine.